Kuhamisha akaivu ya imeili kwenda storeji ya mtandao yenye dedupu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wa IT maofisini, wengi hali yao inafanana: seva moja ya zamani imejaa imeili za miaka kumi na kitu, bosi kasema hanunui diski tena, na muuzaji kapita na brosha inayosema mashine yake ya dedupu (inayohifadhi data inayojirudia mara moja tu) inapunguza data mara 20. Majibu yameegemea zaidi ofisi yenye Exchange (seva ya imeili ya Microsoft) na Enterprise Vault (programu ya akaivu ya imeili) maana huko ndo kuna mitego mingi, ila wenye mafaili ya PST (Outlook inamoweka imeili kwenye kompyuta ya mtu) na wenye seva za Linux nao wamo.

Dedupu inafanyaje kazi, si ni sawa tu na kuzip?

Hapana. Kuzip kunatafuta marudio ndani ya faili moja, dedupu inatafuta marudio kwenye storeji nzima. Faili likiingia linakatwa vipande, kila kipande kinapigiwa hesabu ya hashi (namba fupi ya kukitambulisha), na kama hashi hiyo ishawahi kuonekana basi kipande hakiandikwi tena, inawekwa rejea tu. Kwa hiyo imeili ya leo ya mhasibu inaweza kushea vipande na imeili ya 2014 ya mtu wa masoko ambaye hata hayupo tena kazini. Mashine nyingi zinafanya vyote viwili, zinaondoa marudio kwanza afu zinabana kilichobaki.

Kitu ambacho wauzaji hawakisemi sana ni namna ya kukata hivyo vipande, na kwa imeili hapo ndo penyewe. NetApp (mashine ya storeji) inakata bloku za 4 KB zenye kipimo kimoja. ZFS (mfumo wa mafaili) nayo inafuata bloku zake, kawaida hadi 128 KB. Data Domain (mashine ya storeji ya dedupu) inakata vipande vya ukubwa unaobadilika kufuatana na data yenyewe, wastani wake kama 8 KB, na Windows Server nayo inabadilisha lakini vipande vyake ni vikubwa, kati ya 32 KB na 128 KB. Sasa chukua imeili moja yenye PDF iliyotumwa kwa watu 40, na kila nakala imehifadhiwa kama faili lake. PDF ni ileile lakini vichwa vya juu vinatofautiana, jina la mpokeaji refu, jingine fupi, kwa hiyo PDF inaanza sehemu tofauti kidogo kwenye kila faili. Mashine ya bloku za kipimo kimoja inaona data imesogea, hakuna bloku inayofanana na nyingine, inaandika zote. Mashine ya vipande vinavyobadilika inajirekebisha baada ya kipande kimoja viwili na kuanzia hapo PDF yote inaikuta ishakuwepo.

Kwa hiyo nikinunua mashine ya mara 20, akaivu ya 10 TB itakaa kwenye nusu TB?

Sahau. Hiyo mara 20 inatokana na bakapu, yaani mtu anayechukua bakapu kamili ya seva ileile kila wiki kwa miezi, wiki hadi wiki karibu kila kitu ni kilekile. Akaivu haiko hivyo, kila imeili inaingia mara moja na inakaa, marudio yaliyomo ni viambatisho vilivyotumwa kwa wengi, majibu yenye mnyororo wa imeili za nyuma, na saini zenye logo ya kampuni. Faida ipo, ila sio ya brosha.

Na hizo hesabu za mara ngapi zisikuchanganye. Mara 10 maana yake umeokoa 90%, mara 20 umeokoa 95%. Ukitoka kumi kwenda ishirini umeongeza asilimia tano tu ya data ya mwanzo, lakini kwenye ankara bei inaweza kupanda kama umenunua kitu kipya kabisa.

Muuzaji akikubali, mpe kipande halisi cha akaivu yako apitishe kwenye mashine ya majaribio, na kiwe cha idara mbili tatu tofauti. Akikataa, kukataa kwake nako ni jibu.

Nilikopi partisheni yote ya Enterprise Vault (sehemu inapoweka akaivu) kwenye NAS mpya (storeji ya mtandao), mbona haijapungua?

Hili ndo swali kubwa kuliko yote, na jibu lake lilitakiwa lijulikane kabla ya kununua.

Enterprise Vault kawaida inabana kila imeili kabla haijaiandika diskini, ndo yale mafaili ya DVS. Na tangu toleo la 8 ina mfumo wake wa kuhifadhi nakala moja, viambatisho vikubwa inavitoa pembeni na kuviweka mara moja tu kwenye mafaili ya DVSSP, na wengine wanashea kwa rejea. Maana yake marudio mengi yalishaondolewa zamani na kilichobaki kimebanwa. Data iliyobanwa ukibadilisha herufi moja mwanzoni, mkondo wote unaofuata unabadilika, kwa hiyo hata mashine ya vipande vinavyobadilika haioni kufanana. Ukiyachukua mafaili hayo kwa robocopy (amri ya Windows ya kukopi) ukayatupa kwenye Data Domain, mashine inapokea kitu kisicho na marudio, inakaa nacho vilevile, na we unabaki unamlaumu muuzaji.

Vivyo hivyo kama ulikuwa umewasha ule mpango wa kukusanya mafaili madogo madogo kuwa faili moja kubwa la CAB. Kwenye diski za kawaida ulikuwa na maana, bakapu inakwenda haraka. Kwenye storeji ya dedupu sioni sababu ya kuuacha ukiwaka.

Kinachosaidia ni data kuandikwa upya. Unafungua partisheni mpya kwenye NAS, unaieleza programu kwamba kifaa ndicho kitakachobana na kuondoa marudio, partisheni ya zamani unaifunga. Imeili mpya zote zinaenda kule zikiwa wazi, na hapo dedupu inapata cha kufanya. Za zamani unazipitisha kwenye kazi ya kuhamisha akaivu ya mtu mmoja mmoja iliyomo ndani ya Enterprise Vault yenyewe, kwa sababu yenyewe inasoma na kuandika upya badala ya kukopi mafaili. Ni polepole, polepole sana, seva inapumua kwa shida usiku kucha, lakini ndo njia.

Wengine wanaamua za zamani zikopiwe tu kama zilivyo, wakubali hazitapungua, faida waihesabu kwenye imeili zinazokuja. Kwa ofisi nyingi naona huo ni uamuzi wa busara, hasa kama shida kubwa ilikuwa diski za zamani kuchoka na sio nafasi.

Nikikopi mafaili, vile viungo watu wanavyobonyeza kwenye Outlook vitakufa?

Havifi, kwa sababu havishiki njia ya faili, vinashika namba ya kitu kwenye akaivu, na hifadhidata ya SQL ndo inajua partisheni iko wapi. Kwa maana hiyo ukibadilisha mahali lazima SQL iambiwe kwa utaratibu ulioandikwa na mtengenezaji, huduma zikiwa zimezimwa na bakapu ya hizo hifadhidata ikiwa mkononi. Mtu asikwambie "badilisha tu herufi ya drayvu".

Mengine ya Enterprise Vault ambayo yanasahaulika?

Kabla ya kukopi chochote weka vault stoo (kundi la partisheni) na indeksi (faharasa ya kutafutia imeili) kwenye hali ya bakapu, ama sivyo unakopi kitu kinachobadilika.

Indeksi zenyewe ziache kwenye diski za kasi, usizipeleke kwenye storeji ya dedupu. Indeksi inasomwa na kuandikwa ovyo ovyo vipande vidogo vidogo, na hizi mashine zimetengenezwa kwa mikondo mirefu. Watu watatafuta imeili, kiduara kitazunguka, simu zitaanza.

Kuna hili la nakala za usalama. Enterprise Vault inaweza kusubiri uhakika kwamba partisheni imechukuliwa bakapu ndo iondoe imeili asili kwenye Exchange, na kawaida inaangalia ile alama ya akaivu kwenye faili, ambayo programu ya bakapu huiondoa. Kwenye NAS mara nyingi bakapu ni snapshoti (picha ya data ya wakati ule) au riplikesheni (kunakili kwenda mashine nyingine), hakuna anayegusa hiyo alama, kwa hiyo imeili zinabaki zinasubiri na maboksi ya watu yanajaa ilhali akaivu inafanya kazi vizuri tu. Dawa ni faili tupu linaloitwa IgnoreArchiveBitTrigger.txt ambalo bakapu ikiisha unaliweka kwenye mzizi wa partisheni.

Sisi hatuna Enterprise Vault, tuna PST kama mia hivi za wafanyakazi, dedupu itasaidia?

Kidogo kuliko unavyodhani, na sababu iko ndani ya PST yenyewe. PST za sasa, kuanzia Outlook 2003, zinahifadhi data kwenye bloku zisizozidi 8 KB, na kila bloku ina mkia wa baiti 16 wenye namba ya bloku hiyo ndani ya faili hilo. Kwa hiyo PDF moja iliyoko kwenye PST ya Asha na ya Juma, data ni ileile lakini kila baada ya 8 KB kuna mkia tofauti, na kama vipande vya mashine yako ni vya wastani wa 8 KB basi karibu kila kipande kinabeba mkia. Hakuna kinachofanana.

Halafu kuna usimbaji. Ule wa kawaida wa Outlook ni kubadilishana baiti kwa jedwali moja lisilobadilika, huo haudhuru dedupu (wala haulindi siri, lakini hilo la siku nyingine). Ule wa juu unategemea namba ya bloku, kwa hiyo data ileile inatoka tofauti kila mahali. PST za aina hiyo usitegemee kitu.

Panapolipa ni PST ileile ikichukuliwa bakapu tena na tena, hapo inapungua vizuri sana maana bloku za zamani hazijaguswa. Lakini kupata faida kati ya mtu na mtu inabidi uzifungue, imeili zilizomo uziingize kwenye mfumo wa akaivu au uzitoe kuwa EML (kila imeili faili lake).

Basi niziweke PST kwenye NAS watu wazifungulie hukohuko?

Hapana. Microsoft wenyewe hawakubali PST kufunguliwa kupitia mtandao, inaharibika, na swichi ikizima sekunde mbili watu watano wanapoteza imeili zao kwa mpigo. NAS ni mahali pa kuzihifadhi zikiwa zimefungwa. Na angalia zile za kale za kabla ya Outlook 2003, ukomo wake ni 2 GB, nyingi zilizofika hapo zilishaharibika zamani na hakuna aliyejua, zikague kwa scanpst (zana ya Outlook ya kukagua PST) kabla hujazihamisha.

Imeili zetu ziko kwenye Linux, Maildir (kila imeili faili lake), tunafikiria ZFS na dedupu yake.

Washa kubana, hasa kwa zstd, dedupu iache. Sababu ya kwanza nishaisema juu, bloku za ZFS hazijirekebishi data ikisogea, na kwenye Maildir kila faili lina vichwa vyake. Sababu ya pili ni ramu. Jedwali la dedupu linakula kama baiti 320 kwa kila bloku, kwa hiyo data ya 1 TB yenye bloku za wastani wa 64 KB inataka zaidi ya 5 GB za ramu kwa jedwali peke yake, na imeili zina bloku ndogo kuliko hizo. Ramu ikiisha jedwali linasomwa diskini na kuandika kunageuka mateso. Toleo la OpenZFS 2.3 la 2025 limeboresha hilo jedwali ila halijabadilisha ukataji wa bloku. Pia ukiwasha dedupu haigusi data iliyokuwepo, ni inayoandikwa kuanzia hapo tu.

Kubana kutakusaidia zaidi maana viambatisho kwenye imeili vimeandikwa kwa base64 (njia ya kugeuza faili kuwa herufi), kila baiti 57 zinakuwa mstari wa herufi 76 pamoja na alama za mwisho wa mstari, yaani vimenenepa kwa kama 37% bila sababu.

Windows Server je? Tayari tunayo leseni.

Ni nzuri kwa PST za bakapu na mafaili makubwa. Kwa imeili moja moja haifai, mafaili chini ya 32 KB hayaangalii kabisa, na imeili nyingi bila kiambatisho ni ndogo kuliko hapo. Vilevile haifanyi kazi papo hapo, inasubiri faili litimize siku kadhaa ndo ilipitie, kwa hiyo usiku wa kuhamisha unahitaji nafasi ya data yote ikiwa nzima. Watu wanajaza diski nusu njia kwa sababu hii.

Kuhamisha 10 TB kutachukua muda gani?

Mtandao wa gigabiti moja kwa vitendo unakupa kama MB 110 kwa sekunde, hiyo ni saa 25 na ushee. Kwenye karatasi. Akaivu ya imeili ni mamilioni ya mafaili madogo na kila moja lina kufungua, kuandika, kufunga, kuweka ruhusa, kwa hiyo kasi halisi inaporomoka vibaya. Kopi GB 50 kwanza upime, afu zidisha. Tumia nyuzi nyingi kwa wakati mmoja (kwa robocopy ni /MT), ruhusu folda la partisheni kwenye antivairasi wakati wa kukopi, manake ikikuta kirusi cha 2009 kwenye kiambatisho italiondoa faili na hesabu zako hazitalingana.

Robocopy isipoambiwa kitu ikikwama inarudia mara milioni moja na kusubiri sekunde 30 kila mara. Sio utani. Weka /R:2 /W:5, na /LOG ili asubuhi uone kilichoshindikana. Na /MIR uitumie ukiwa umelala vizuri, inafuta upande wa pili chochote isichokikuta upande wa kwanza, ukigeuza njia mbili hizo umemaliza akaivu.

Umeme ukikatika katikati? Kwa robocopy na rsync unaanza tena tu, yaliyokwisha inayaruka, ila faili lililokuwa linaandikwa dakika ile lihakiki.

Nimefuta nusu ya akaivu kwenye NAS, nafasi haijarudi!

Kufuta kunaondoa rejea tu. Vipande vinabaki mpaka usafi upite, maana mashine lazima ihakikishe hakuna faili lingine linalovitumia. Data Domain isipoguswa inafanya usafi mara moja kwa wiki, Jumanne saa 12 asubuhi. Unaweza kuianzisha kwa mkono lakini sio wakati watu wako kazini.

Na mbona kwenye kompyuta yangu folda bado linasema 3 TB? Kwa sababu SMB na NFS (njia za kufungulia mafaili kwa mtandao) zinakuonyesha ukubwa wa data nzima, kama ingekuwa haijapunguzwa. Nafasi halisi inasomwa kwenye mashine yenyewe. Ukipeleka data hiyo kwenye tepu inatoka nzima pia, hiyo 3 TB yote, panga tepu za kutosha.

Hashi mbili zikigongana si nitapewa kipande cha imeili ya mtu mwingine?

Kwa bahati tu, uwezekano wake ni mdogo mno kuliko diski kukosea yenyewe. Google na taasisi ya utafiti ya CWI ya Uholanzi walitengeneza mgongano wa SHA-1 (aina ya hashi) mwaka 2017 lakini kwa makusudi na kwa kompyuta nyingi. Ukiwa na wasiwasi, NetApp inalinganisha baiti kwa baiti kabla ya kushea, na ZFS ina chaguo la kuhakiki.

Wasiwasi wa kweli uweke hapa: kipande kimoja kikiharibika kinaharibu mafaili yote yanayokishea. Kwa hiyo nakala ya pili kwenye mashine nyingine ni lazima, na uzuri ni kwamba riplikesheni inatuma vipande vipya tu, hata laini ya Dar kwenda Dodoma isiyo na kasi kubwa inaweza kubeba.

Imeili zilizosimbwa kwa S/MIME au PGP?

Hazipungui. Kila imeili inapata ufunguo wake, kiambatisho kilekile kikitumwa mara mbili kinatoka tofauti.

Tuwashe ile hali ya kutofutika?

Uliza mwanasheria wa ofisi kwanza, sio muuzaji. SnapLock ya NetApp na Retention Lock ya Data Domain zina daraja la ukali wa juu ambalo hata wewe admini huwezi kufuta mpaka muda uliowekwa uishe, ukikosea ukaweka miaka 70 badala ya 7 umekwama na diski hizo. Na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kazi Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019, zote hazitaki ukae na taarifa za watu kuliko unavyozihitaji. Imeili za akaivu zimejaa wasifu wa walioomba kazi, barua za hospitali, nakala za vitambulisho. Anza na daraja jepesi, muda mfupi, urefushe baadaye, kurefusha kunaruhusiwa ila kufupisha hakuna.

Lini nifute diski za zamani?

Ukishalinganisha idadi ya mafaili na hashi za SHA-256 pande zote mbili, ukazisoma za upande mpya baada ya kuondoa na kuunganisha upya share (ama sivyo unaweza kuwa unasoma kilichobaki kwenye ramu), ukafungua imeili za miaka tofauti na watu tofauti kupitia Outlook yenyewe, ukarudisha akaivu ya mtu mmoja kutoka ile nakala ya pili, na mkaguzi au mwanasheria akasema kwa maandishi hakuna kesi inayohitaji diski za zamani. Mpaka hapo ziache zimezimwa kabatini. Diski za kuzunguka unazifuta kwa kuandika juu yake yote, SSD zina amri yake ya kujifuta maana kuandika juu hakufiki kila seli, na iliyokufa isiyowaka toboa.